Eksitoni na Ukubwa Wake

Fuwele ikimeza mwanga lakini isipitishe umeme, nishati ya mwanga ule imekwenda wapi? Swali hili lilimshughulisha Yakov Frenkel, mwanafizikia wa Leningrad, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wakati huo nadharia ya kwanta ilikwisha kueleza kwamba elektroni za fuwele hukaa katika kanda za nishati: ukanda wa chini uliojaa, ukanda wa juu ulio mtupu, na pengo katikati. Fotoni yenye nishati ya kutosha huipandisha elektroni kutoka ukanda wa chini hadi wa juu, na huko juu elektroni huwa huru kusafiri. Kwa hesabu hiyo, fuwele yoyote inayomeza mwanga ingepaswa kuanza kupitisha umeme. Baadhi hufanya hivyo. Lakini zilikuwepo fuwele zilizomeza mwanga kwa nguvu kubwa, tena katika rangi mahususi kabisa, na mita ya umeme haikutikisika.

Jibu la Frenkel lilichapishwa mwaka 1931 katika jarida la Physical Review. Alisema kinachosafiri ndani ya fuwele ya namna hiyo ni msisimko wenyewe, unaopokezwa kutoka atomu hadi atomu kama wimbi, bila chaji yoyote kuhama. Mwaka 1936 akaupa jina la eksitoni. Gregory Wannier mwaka 1937 na Nevill Mott mwaka 1938 wakalipanua wazo hilo hadi kwenye nusu vipitishi. Elektroni inapopanda, nafasi iliyoachwa nyuma hufanya kazi kama chembe yenye chaji chanya, nayo huitwa tundu. Chaji hasi na chaji chanya huvutana, na zisipokuwa na nishati ya kutosha kuachana, huzungukana kama jozi moja. Chaji ya jozi nzima ni sifuri. Ndiyo maana inaweza kubeba nishati kutoka upande mmoja wa fuwele hadi mwingine bila kubeba umeme.

Tangu Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2023 itolewe kwa wagunduzi wa nukta za kwanta, yaani fuwele ndogo mno za nusu kipitishi, msomaji wa kawaida amesikia mara nyingi kwamba rangi ya nukta hizo inategemea ukubwa wake. Ni kweli, ila ni nusu ya habari. Nanomita tano ni nyingi au ni chache? Hakuna awezaye kujibu mpaka ajue ukubwa wa jozi iliyomo ndani. Naamini kwamba anayetaka kuelewa jinsi fuwele inavyoshughulika na mwanga anapaswa kuuliza swali hilo kabla ya maswali mengine yote, na kwamba tunapowafundisha wanafunzi habari za nukta za kwanta bila kuwafundisha eksitoni kwanza, tunawapa jibu la swali ambalo hawajawahi kuulizwa.

Ukubwa huo hukadiriwa kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaimudu. Eksitoni ya Wannier inafanana na atomu ya haidrojeni, kwani elektroni inazunguka kitu chenye chaji chanya. Katika haidrojeni, nusu kipenyo cha mzunguko ni nanomita 0.053, na nishati inayozifunga chembe mbili ni elektronivolti 13.6. Ndani ya fuwele mambo mawili hubadilika. Kwanza, atomu zote zilizo kati ya elektroni na tundu hujigeuza kidogo na kufifisha mvutano wao, mara kumi au zaidi. Pili, elektroni na tundu husafiri kana kwamba ni nyepesi kuliko elektroni iliyo katika ombwe. Mvutano ukififia na chembe zikawa nyepesi, mzunguko hupanuka. Katika galiamu asenaidi, nusu kipenyo cha jozi hufika nanomita 12 hivi, na nishati ya kuifunga hushuka hadi takriban milielektronivolti 4, yaani chini ya sehemu moja ya elfu tatu ya ile ya haidrojeni. Ndani ya duara la jozi moja mna mamia ya maelfu ya atomu. Kinyume chake, katika kloridi ya shaba jozi imebanana kwa nanomita 0.7 tu na imefungwa kwa karibu milielektronivolti 200. Tofauti hizi ndizo zinazoamua kila kitu kitakachofuata.

Ushahidi wa kwanza ulio wazi ulitoka katika taasisi ileile ya fizikia ya Leningrad alimokuwa akifanya kazi Frenkel. Mwaka 1951 na 1952 Evgeny Gross na mwanafunzi wake Nury Karryev walipitisha mwanga katika oksidi nyekundu ya shaba iliyopozwa kwa baridi kali, wakaona mistari myeusi ikikatiza sehemu ya njano ya spektra. Huko Japan, Hayashi na Katsuki nao waliona mistari katika fuwele hiyohiyo miaka hiyohiyo. Mistari ile haikutawanyika ovyo. Ilisogeleana kadiri nishati ilivyopanda, kwa kanuni ileile inayoongoza mistari ya haidrojeni: nafasi yake hutegemea moja kugawanywa kwa mraba wa namba nzima. Kikomo chake kipo karibu na elektronivolti 2.17, sawa na urefu wa wimbi wa nanomita 571. Frenkel alifariki Januari 1952, wazo lake likiwa ndiyo kwanza linathibitishwa.

Kuna jambo katika mistari hiyo linalostahili kutazamwa kwa utulivu. Mfululizo wa njano hauanzi na namba moja. Unaanza na mbili. Sababu ni kwamba kanda mbili zinazohusika katika oksidi ya shaba zina ulinganifu wa aina moja, na fotoni hairuhusiwi kuvusha elektroni kati ya hali mbili za ulinganifu mmoja isipokuwa jozi inayozaliwa iwe na mzunguko wake wa ziada unaolipia tofauti hiyo. Jozi ya ngazi ya kwanza haina mzunguko huo, kwa hiyo mwanga hauioni kwa njia ya kawaida. Jozi za ngazi ya pili na kuendelea huonekana, ila kwa udhaifu. Udhaifu huo ni neema. Jozi isiyoshikana sana na mwanga haiharakishi kutoa fotoni na kufa, na jozi inayoishi muda mrefu ina mstari mwembamba. Mistari myembamba haifunikani, kwa hiyo ngazi nyingi zinaweza kuhesabiwa moja moja.

Mwaka 2014 kundi la Chuo Kikuu cha Dortmund lililoongozwa na Manfred Bayer, pamoja na wenzao wa Rostock, lilizihesabu hadi ngazi ya 25. Tomasz Kazimierczuk na wenzake walichukua kipande cha oksidi ya shaba chenye unene wa takriban mikromita 30, wakakipoza hadi kelvini 1.2, wakapitisha leza yenye rangi iliyodhibitiwa kwa makini. Kipenyo cha jozi hukua kwa mraba wa ngazi yake. Katika ngazi ya 25, jozi moja ilikuwa na upana wa zaidi ya mikromita 2, ukubwa unaokaribia ule wa bakteria wengi. Ndani ya eneo hilo wamo mabilioni ya atomu za shaba na oksijeni, na elektroni moja inalizunguka tundu moja kupitia katikati yao bila kupoteza njia. Jozi kubwa namna hiyo haivumilii mwenziwe karibu: ikishakuwepo moja, huzisukuma ngazi za nishati za jirani, na leza iliyoiumba ya kwanza hushindwa kuumba ya pili mahali palepale. Wanafizikia walikwisha kuona kizuizi hicho katika atomu za gesi zilizopozwa. Kukiona ndani ya jiwe gumu lilikuwa jambo jipya.

Jiwe lenyewe halikutengenezwa katika maabara. Lilitoka katika mgodi wa Tsumeb, kaskazini mwa Namibia, mgodi uliofahamika duniani kwa aina nyingi mno za madini kabla haujafungwa mwaka 1996. Fuwele za oksidi ya shaba zinazokuzwa kwa tanuri huwa na upungufu wa atomu hapa na pale, na kila upungufu huvuruga jozi kubwa. Fuwele za Tsumeb zilikua ardhini kwa muda ambao hakuna maabara inayoweza kuusubiri. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha St Andrews huko Uskoti nao walichukua jiwe la Namibia, wakalichonga likawa jembamba, wakaliweka kati ya vioo viwili ili mwanga uende na kurudi mpaka ushikamane na eksitoni na kuwa kitu kimoja. Madini hayohayo hupatikana Katanga pia, na vipande vya kuvutia kutoka mgodi wa Mashamba Magharibi karibu na Kolwezi hutafutwa sana na wakusanyaji wa mawe. Nalitaja hili kwa uchungu. Sampuli iliyofungua mlango wa utafiti huu ni ya Kiafrika, na sijui sababu yoyote ya kisayansi inayozuia idara ya fizikia ya Lubumbashi, Windhoek au Dar es Salaam isiwe na kipande kama hicho mezani pake. Kinachokosekana ni heliamu ya majimaji, leza ya kuaminika, na uamuzi wa kuvinunua.

Heliamu haikwepeki, na sababu yake ni ileile ya ukubwa. Joto la chumba hubeba nishati ya takriban milielektronivolti 25. Jozi iliyofungwa kwa milielektronivolti 4, kama ile ya galiamu asenaidi, husambaratishwa na joto hilo mara tu inapozaliwa, na mstari wake humezwa na ufyonzaji wa kawaida wa fuwele. Oksidi ya zinki, yenye milielektronivolti 60, huhifadhi jozi zake hata mchana wa jua kali. Hata hivyo, kusema kwamba eksitoni hutoweka kabisa katika joto si sahihi. Mwaka 1957 R. J. Elliott alionyesha kwamba mvutano kati ya elektroni na tundu huongeza nguvu ya ufyonzaji hata juu ya pengo la nishati, pale ambapo chembe hizo mbili zina nishati ya kutosha kwenda kila moja njia yake. Zinapozaliwa zipo mahali pamoja, na mvutano huongeza uwezekano wa kuzaliwa hivyo. Anayepima ufyonzaji wa nusu kipitishi akapuuza jozi atapata jibu lisilolingana na kipimo, kuwe na mstari unaoonekana au kusiwe.

Sasa tuje kwenye nukta. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Alexei Ekimov alikuwa akichunguza vioo vya rangi katika Taasisi ya Macho ya Vavilov, Leningrad. Mafundi wa vioo walijua tangu zamani kwamba kioo chenye kemikali moja kinaweza kutoka na rangi tofauti kulingana na namna kilivyochomwa. Ekimov alitia kloridi ya shaba katika kioo, akakichoma kwa nyuzi kati ya 500 na 700 za Selsiasi, kwa muda wa kuanzia saa moja hadi saa 96. Ndani ya kioo zikajitengeneza fuwele ndogo, kuanzia nanomita 2 hadi 30 hivi. Kadiri fuwele zilivyokuwa ndogo, ndivyo mstari wa eksitoni ulivyosogea upande wa buluu. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1981 pamoja na Alexei Onushchenko, na mwaka uliofuata Alexander Efros, akishirikiana na mwenye jina la ukoo kama lake, Alexei Efros, akatoa nadharia yake.

Louis Brus hakuwa na habari za kazi hiyo. Alikuwa Bell Labs, New Jersey, akitumia chembe ndogo za kadimi salfaidi zilizoelea katika maji ili kuona jinsi mwanga unavyochochea kemia kwenye nyuso zake. Akagundua kwamba mchanganyiko ulioachwa mezani kwa muda ulifyonza mwanga tofauti na ule mpya, kwa sababu chembe zilikuwa zimekua. Wengi wangeyaona mabadiliko hayo kuwa kero na kutupa mchanganyiko wa jana. Brus aliyafuatilia, akachapisha mwaka 1983, na baadaye akatoa mlinganyo ambao hadi leo ndio mlango wa somo hili.

Mlinganyo huo una sehemu tatu. Ya kwanza ni pengo la nishati la fuwele kubwa. Ya pili ni gharama ya kubanwa: elektroni iliyofungiwa ni wimbi, na kama uzi wa zeze unavyotoa sauti ya juu zaidi sehemu inayotetema inapofupishwa, ndivyo nishati ya elektroni na ya tundu zinavyopanda chumba chao kinapopungua. Gharama hiyo hukua kwa kinyume cha mraba wa nusu kipenyo. Ya tatu ni mvutano wa elektroni na tundu, unaoshusha nishati, nao hukua kwa kinyume cha nusu kipenyo bila mraba. Chembe ikipungua nusu, gharama ya kubanwa huongezeka mara nne na mvutano mara mbili. Kwa hiyo katika chembe ndogo sana kubanwa hushinda.

Hapo ndipo ukubwa wa jozi unapodai nafasi yake. Katika kloridi ya shaba ya Ekimov, jozi yenye nusu kipenyo cha nanomita 0.7 ilikuwa bado ina nafasi hata katika chembe ndogo kuliko zote alizozitengeneza. Jozi ilibaki jozi. Kilichobanwa ni mwendo wake kama kitu kimoja, na badiliko la nishati lilikuwa takriban sehemu moja ya kumi ya elektronivolti. Mistari yake ilianzia katika mwanga wa urujuani usioonekana na ilisogea humohumo. Jicho la mtu halikuona chochote. Katika kadimi selenaidi mambo ni mengine. Jozi yake ina nusu kipenyo cha nanomita 5 hadi 6 ikiwa huru, na chembe yenye kipenyo cha nanomita 2 haiwezi kuipokea jinsi ilivyo. Elektroni inafungwa na kuta, tundu linafungwa na kuta, na mzunguko wao wa asili haupo tena. Pengo la fuwele kubwa ya kadimi selenaidi ni elektronivolti 1.74, mwisho kabisa wa nyekundu. Chembe ya nanomita 6 hutoa nyekundu, na ya nanomita 2 hutoa buluu. Upinde mzima wa mvua umo kati ya hizo mbili. Anayesema tu kwamba ukubwa huleta rangi hawezi kueleza kwa nini ukubwa uleule wa nanomita kadhaa uligeuza rangi zote katika kemikali moja na kutobadilisha karibu chochote cha kuonekana katika nyingine.

Watu wengine huhitimisha kwamba katika nukta ndogo mvutano hauna kazi tena, kwa hiyo neno eksitoni limebaki kwa mazoea. Hesabu inawapinga. Katika chembe ya kadimi selenaidi yenye nusu kipenyo cha nanomita 2, mvutano hufikia zaidi ya sehemu moja ya kumi ya elektronivolti, mara nane au tisa ya nishati inayoifunga jozi hiyo katika fuwele kubwa. Kuta zimezilazimisha chembe mbili zikae karibu kuliko ambavyo zingekaa kwa hiari yao. Mvutano hauamui tena umbo la jozi, lakini umekuwa mkali zaidi.

Chembe za Brus zilikuwa za ukubwa mchanganyiko, na mchanganyiko wa ukubwa ni mchanganyiko wa rangi. Aliyelitatua hilo ni Moungi Bawendi, aliyezaliwa Paris kwa baba Mtunisia, akapitia Bell Labs kwa Brus kabla ya kuhamia MIT. Mwaka 1993 yeye, Christopher Murray na David Norris walieleza njia ya kudunga kemikali kwa ghafla katika kiyeyusho cha moto wa karibu nyuzi 300. Mbegu za fuwele hutokea zote kwa mkupuo mmoja. Kiyeyusho hupoa kwa sababu ya kile kilichodungwa, mbegu mpya hazizaliwi tena. Kisha joto hupandishwa polepole na mbegu zote hukua sambamba. Njia hii inahitaji chupa ya kioo, hita, gesi ya kuzuia oksijeni na mikono iliyofunzwa. Kati ya kazi zote za fizikia ya kwanta, ni miongoni mwa zile chache ambazo maabara ya kemia yenye bajeti ya kawaida inaweza kuzifanya vizuri.

Chembe hizo safi ziliruhusu swali gumu zaidi kuulizwa. Kadimi selenaidi ikipozwa hadi karibu na baridi ya heliamu, mng'ao wake hukawia. Katika joto la chumba jozi hutoa fotoni baada ya nanosekunde 20 hivi. Katika baridi hiyo hufika mikrosekunde nzima. Mwaka 1995 kundi la Bawendi pamoja na Alexander Efros walieleza kwa nini. Elektroni na tundu kila moja lina spini yake, na zikiunganishwa hutoa hali nane tofauti. Hali ya chini kuliko zote ina jumla ya mzunguko wa mbili. Fotoni hubeba moja tu. Jozi iliyoshuka hadi hapo haina njia rahisi ya kutoa mwanga, nayo huitwa eksitoni ya giza. Hali inayong'aa ipo milielektronivolti chache juu yake. Joto la chumba huirudisha jozi juu bila shida, ndiyo maana skrini zetu zinang'aa; baridi huiacha chini ikisubiri. Nyenzo inayosifiwa kwa mwanga wake hukaa gizani inapoachwa katika hali yake ya asili, na ni joto linaloitoa humo. Katika somo zima hili, hakuna matokeo ninayoyaona kuwa mazuri kuliko hayo.

Mwaka uliofuata, 1996, kundi hilohilo lilitazama nukta moja moja kwa hadubini na kukuta kwamba zinawaka na kuzima zenyewe chini ya leza isiyokatika. Nukta inaweza kuzima kwa sehemu ndogo ya sekunde au kwa dakika. Maelezo yaliyokubalika zaidi ni kwamba chaji moja ya ziada hubaki ndani au kukwama kwenye uso wa nukta; jozi mpya ikizaliwa, badala ya kutoa fotoni humpa mgeni huyo nishati yake, na nishati huishia kuwa joto. Kuta zilizo karibu huongeza makali ya wizi huo. Dawa iliyosaidia sana ni ganda: mwaka huo huo Margaret Hines na Philippe Guyot-Sionnest walivika kadimi selenaidi ganda la zinki salfaidi, lenye pengo kubwa zaidi, likaiweka jozi mbali na uso wenye kasoro. Nukta nyingi zinazouzwa leo zina ganda la namna fulani.

Televisheni za kwanza zenye nukta hizo ziliuzwa na Sony mwaka 2013. Zinazouzwa sasa Nairobi na Dar es Salaam kwa jina la QLED zina taa za buluu nyuma, na nukta zilizo katika utando humeza sehemu ya buluu na kutoa kijani na nyekundu safi. Nukta haziwashwi kwa umeme. Zinawashwa kwa mwanga. Kwa sababu kadimi ni sumu na Umoja wa Ulaya umeidhibiti, watengenezaji wengi wamehamia indiamu fosfaidi. Jozi yake ni kubwa zaidi, kwa hiyo kosa dogo la ukubwa wa chembe huhamisha rangi zaidi, na ilichukua miaka mingi kuifikisha usafi wa ile ya kadimi.

Upande wa pili wa matumizi hauhitaji nukta nyingi. Unahitaji moja. Nukta ya indiamu asenaidi iliyozikwa ndani ya galiamu asenaidi ikipokea jozi mbili kwa pamoja, ya kwanza hufa na kutoa fotoni, kisha ya pili. Mwaka 2000 kundi la Stanford lilipendekeza kwamba fotoni hizo mbili zitoke zikiwa zimefungamana kikwanta, na mwaka 2006 makundi ya Cambridge na Haifa yalionyesha kuwa inawezekana. Kikwazo kilikuwa umbo. Nukta iliyorefuka kidogo upande mmoja huigawa ngazi ya eksitoni kuwa mbili, zilizoachana kwa sehemu chache tu za milioni za elektronivolti, na mgawanyiko huo mdogo hutosha kufichua ni njia ipi fotoni zimepita, na ufungamano hupotea.

Ugomvi mkubwa wa miaka ya karibuni unahusu perovskiti za risasi, chembe zinazong'aa mno na rahisi kutengeneza. Mwaka 2018 kundi lililowashirikisha Alexander Efros na Maksym Kovalenko wa Zurich, lilidai kwamba katika sesiamu risasi bromaidi hali ya chini ya eksitoni ndiyo inayong'aa, kinyume na nusu vipitishi vingine vyote. Dai hilo lilieleza kwa urahisi kwa nini chembe hizo hutoa mwanga haraka hata zikipozwa. Mwaka 2019 Philippe Tamarat, Brahim Lounis na wenzao wa Bordeaux waliweka chembe moja moja za perovskiti ya jamii hiyo, iliyo na formamidini badala ya sesiamu, katika uga wa sumaku. Uga ulipoongezeka, mstari mpya ulijitokeza chini ya mistari inayong'aa: eksitoni ya giza ilikuwepo, tena chini kabisa. Mng'ao mkali wakaueleza kwa njia nyingine, kwamba jozi hushuka polepole mno kutoka hali ya mwanga hadi ya giza, hivyo huwahi kutoa fotoni. Mimi nauona ushahidi wa Bordeaux kuwa na uzito zaidi kwa chembe walizozipima. Lakini nguvu inayotenganisha hali ya giza na ya mwanga huongezeka jozi inapobanwa, na chembe kubwa na ndogo za kemikali ileile si lazima zitoe jibu moja. Vipimo vinavyohitajika ni vya chembe moja moja, za kila ukubwa kuanzia chini ya kipenyo cha jozi hadi juu yake, katika sumaku yenye nguvu na baridi ya heliamu.